Himmat Akagua Mwanga

Katika duka la vitambaa la Himmat, mjini Iringa, kitambaa hakipandi rafuni kabla ya kuhojiwa. Kwanza hulowesha pembe moja kuona kama rangi inatoka. Halafu huchomoa uzi, akauwasha kwa kiberiti na kunusa moshi wake: pamba hunuka karatasi, nailoni hunuka uongo. Maneno hayo ni yake mwenyewe, na huyasema bila kutabasamu. Mwisho hukitoa mpaka mlangoni, akakitandaza juani na kukitazama kwa nyuma, maana kwa maoni yake upande wa mbele wa kitu chochote umetengenezwa ili kukudanganya.

Anavyoifanyia pamba ndivyo anavyoifanyia dunia. Hutikisa kiberiti kabla ya kukinunua. Akikaribishwa ndani ya nyumba, hupiga hodi mara ya pili kuhakikisha. Inasemekana aliwahi kurudisha kalenda aliyopewa bure kwa sababu Februari yake ilikuwa na siku moja zaidi, na hakutaka kujua kwa nini wamempa. Duka lilifunguliwa na babu yake. Yeye kazaliwa nyuma ya kaunta, anakijua Kihehe cha kutosha kupunguziwa bei ya kuni na kuhani msiba, na watu wa mtaa wa Kihesa humwita Mzee Himati, kwa mapenzi yenye tahadhari.

Ana mtoto mmoja, binti yake Komal. Binti huyo ana shahada, ana ulimi, na kwa miaka ya karibuni ndiye duka lenyewe: anaagiza mzigo kwa simu, anabishana na madereva, anawajua wateja kwa majina ya watoto wao. Himmat hukagua, Komal huuza. Bila ukaguzi duka lingeendelea. Bila Komal lingefungwa kabla ya Pasaka. Himmat alilijua hilo, na ndiyo maana kila mchumba aliyeletwa alikutwa na kasoro. Mmoja alicheka upesi mno. Mwingine hakucheka. Wa tatu alisifia chapati kabla hajaionja. Wote waliagwa kwa neno moja, “Tutafikiri,” ambalo katika jamii yao ya Wagujarati ni hapana iliyopigwa pasi.

Komal hakuwahi kulalamika. Wachumba wale hakuwataka hata yeye, kwa hiyo baba na binti walikubaliana bila kujua kwamba wamekubaliana.

Kisha likaja jina la Darshan, wa Rujewa, kijana mwenye mashine ya kukoboa mpunga aliyoiendesha na mama yake mjane, Foram. Aliyelileta ni binamu ya Vasanti, mke wa Himmat, anayeishi Mbeya. Kwa desturi upande wa mvulana ungekuja Iringa, ungeketi kwenye makochi, na Komal angeingia na sinia la chai macho chini. Himmat aliipenda desturi hiyo. Mtu anayekunywa chai kwako unaweza kumtazama vizuri.

“Sibebi sinia,” alisema Komal. “Wakitaka chai kuna mgahawa. Nitaonana naye mahali ambapo hakuna makochi.”

Mahali hapo alikuwa keshapachagua. Mbeya kulikuwa kumefunguliwa makumbusho ya sanaa ya mwanga, ndani ya ghala la zamani la kahawa upande wa Iyunga, ambamo picha hazining'inizwi bali zinatembea ukutani, na ukizigusa zinajibu.

Himmat alilipeleka jambo hilo barazani, kwa Ambrosi Kalinga, fundi cherehani aliyekaa mbele ya duka tangu cherehani hiyo ikiwa mpya. Kwa mtu wa Iringa makumbusho ni Kalenga, na Kalenga kuna fuvu la mtemi. Ambrosi hakuinua hata mguu kwenye pedali.

“Huko Mbeya kuna fuvu la nani?”

“Hakuna fuvu. Hakuna kitu. Kuna taa.”

“Makumbusho ya kitu ambacho hakipo.”

“Ndivyo.”

“Sasa wanakumbuka nini?”

“Ndiyo naenda kuangalia.”

“Angalia na kijana,” alisema Ambrosi akiuma uzi. “Taa hazitakuolea mtoto.”

Walitoka Iringa alfajiri kwa pikapu, watatu kiti cha mbele, Himmat akiendesha kwa mwendo wa mtu anayetumaini kuchelewa. Mafinga alisimama kuangalia tairi. Makambako alisimama kuangalia tairi lile lile. Igawa, penye njia ya kuingilia Rujewa, aliyatazama mashamba ya mpunga yaliyonyooka mpaka mwisho wa macho kama mtu anayetazama hati ya mashtaka.

“Ni mbali kutoka nyumbani,” alisema.

“Tumesimama sana, Baba Komal,” alisema Vasanti. “Ndiyo maana.”

Komal alikuwa akiyahesabu maduka ya barabarani. Himmat alikuwa mwepesi wa kunusa uzi, lakini hesabu hiyo hakuinusa.

Foram na mwanawe walikuwa wakisubiri mlangoni. Foram alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sari ya kijani, ambayo Himmat aliipima bila kuigusa: polista, asilimia sitini. Darshan alikuwa mwembamba, shati jeupe, viatu vyeusi vya kamba. Himmat naye alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kamba. Kama kungekuwa na mwanamume wa tatu angekuwa navyo pia. Ni viatu vya shughuli kama hizi.

Walilakiwa na binti mwenye fulana nyeusi aliyejitambulisha kuwa Severina.

“Karibuni. Humu ndani mnaruhusiwa kugusa kila kitu.”

Himmat ameishi maisha yake yote chini ya kibao kisemacho USIGUSE KAMA HUNUNUI. Alimtazama Severina kwa huruma na mashaka kwa kipimo sawa.

Chumba cha kwanza kilikuwa giza, na ndani ya giza maua. Yaliota ukutani na sakafuni, popote mtu aliposimama.

“Ukitulia yanachanua,” alisema Severina. “Ukitembea yanapukutika.”

“Yanajuaje kwamba nimetulia?”

“Kuna kamera juu, mzee. Inakuona.”

“Inanionea nini?”

“Ili maua yachanue.”

“Na baada ya hapo?”

Severina alifikiri. Ni wazi hakuna aliyewahi kumuuliza.

“Baada ya hapo unakwenda chumba cha pili.”

Sheria ya kukutanisha vijana ni moja: wazee wawe mahali pa kuona bila kusikia. Kwenye sebule hilo ni jambo rahisi. Humu, Komal na Darshan walisogea hatua chache tu wakawa vivuli viwili, na Himmat akabaki akisoma maua. Aliona, kwenye kona ya mbali, jinsi yanavyopanda ukutani: kwanza magotini, kisha kiunoni, kisha yakaanza kutambaa kwenye mabega. Maana yake wamesimama. Wamesimama muda mrefu, na kwa karibu. Hapa kwake yeye, anayehama mguu mmoja kwenda mwingine, hayakuota hata majani.

Alikwenda kule akikohoa. Popote alipokanyaga maua yalipukutika, na alipofika kwenye kona akakuta ni Vasanti na Foram, wameshikana mikono, wakilinganisha matatizo ya presha.

“Unaharibu maua ya watu,” alisema Vasanti.

“Ni taa.”

“Kama ni taa, unazikoholea nini?”

Vijana walikuwa nyuma yake, wakitembea. Walikuwa wametembea muda wote, wakibishana kuhusu kitu fulani, na nyuma yao kulikuwa na mstari mrefu wa petali zinazoanguka. Himmat alitulia kidogo. Watu wanaobishana hawaoani.

Chumba cha pili kilikuwa chembamba chenye kitambaa cheusi mlangoni. Vasanti alikisogeza kitambaa, akachungulia, na bila kuwaza akavua ndala zake.

Hakuna haja ya kumlaumu. Ndani zilikuwapo taa ndogo ndogo, mamia yake, zimening'inia kuanzia dari mpaka karibu na sakafu, zote rangi ya mafuta yanayowaka, na ukuta ulikuwa kioo, na sakafu ilikuwa kioo, kwa hiyo taa hazikuwa na mwisho juu wala chini. Mtu wa kwao hukutana na taa za namna hiyo mahali pawili tu, hekaluni na nyumbani usiku wa Diwali, na kote kuwili viatu hubaki nje. Foram akavua. Komal akavua. Himmat na Darshan wakainama pamoja, kila mmoja na kamba zake, bila kutazamana.

“Viatu si lazima,” alisema Severina.

Lakini nyuma yao walikuwa wamefika akina mama wa kwaya kutoka Tukuyu, na kina mama wale waliona Wahindi watano wamevua viatu mbele ya taa. Wakavua. Nyuma yao walikuja wanafunzi wa chuo, wakaona kwaya imevua, na hakuna mwanafunzi aliyetaka kuwa mpagani peke yake. Baada ya muda mfupi, nje ya kitambaa cheusi, kwenye giza, palikuwa na lundo la viatu kama la msikitini, na Severina amesimama kando yake akijaribu kukumbuka kama mafunzo yake yalitaja jambo hili.

Ndani, Himmat aliona Darshan arobaini. Alichagua mmoja aliyeonekana yupo karibu.

“Mpunga wenu,” alimwambia, “unauzwa kwa jina gani?”

Swali lilikuwa mtego. Kila mtu wa barabara ile anajua kwamba mchele unaolimwa bonde la Usangu, ilipo Rujewa, hufika mijini umeshazaliwa upya kwa jina la Kyela, ambako mchele hunukia na bei hunukia zaidi.

“Sisi tunaandika Rujewa, anko,” ilijibu sauti kutoka nyuma yake. Himmat aligeuka. Alikuwa amekihoji kioo. “Wanaonunua ndio wanaobadilisha gunia huko mbele.”

“Na wewe unajua.”

“Najua. Siwezi kulifuata kila gunia.”

“Kwa hiyo unanyamaza.”

“Mteja akija mwenyewe mashineni namfungulia. Namwambia achukue kutoka chini, asichukue juu. Juu tunaweka mzuri.”

Himmat katika maisha yake alikuwa hajawahi kusikia kijana wa mtu akisema aangaliwe kutoka chini. Ilimuudhi sana. Alikuwa amekuja na orodha ya kasoro kichwani, akitafuta pa kuzitundika, na kijana huyu hampi msumari. Aliisogelea taa moja, akaigusa aione imefungwa vipi. Taa ikawaka zaidi, ikapokezana mwanga na jirani yake, jirani akapokezana na wa mbele, mpaka mstari mzima ukakimbia ukazunguka chumba. Akaondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa mali ya serikali.

“Imefanya nini?”

“Imekuona, anko,” alisema Darshan. “Hata mimi sikuipenda. Nimeangalia waya, sijauona.”

“Hakuna waya?”

“Upo. Haiwezekani usiwepo. Nimesema sijauona.”

Walikaa wakiutafuta waya pamoja, shingo juu, kwa muda ambao Himmat baadaye alikataa kuukadiria. Alipozinduka alimwona Komal kwenye vioo vyote akiwatazama, amekunja mikono, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho hakukipenda: ulikuwa umeridhika.

Hapo ndipo alipoamua kutoka. Alihitaji jua. Alihitaji kufika nje kabla ya Foram, asimame vizuri kwenye mwanga wa Mungu, na aseme “Tutafikiri” kabla hali haijawa mbaya zaidi. Neno likishatoka limetoka. Watakunywa chai, watalala kwa binamu, kesho watapita Igawa upande wa pili na mashamba yale yatakuwa ya mtu mwingine.

Kwenye lundo la viatu hakuona kitu, na hakuhitaji kuona. Ana vidole vilivyopapasa vitambaa kwa miaka mingi kuliko umri wa Severina. Alipapasa kanvasi za wanafunzi, akaziruka. Akapapasa raba za kwaya. Akagusa ngozi, kamba, soli ngumu. Akavaa. Komal alikuwa amechutama karibu yake, akifunga sandali zake kwa mwanga wa simu. Kiatu cha kulia kilibana. Himmat alifikiri juu ya safari ndefu na miguu kuvimba, halafu akafikiri juu ya ile sakafu ya kioo na kuamua kwamba ndiyo iliyomfanyia hivyo. Akatoka akichechemea kidogo.

Nje palikuwa na kibanda cha chai na meza ya mbao. Vasanti na Foram walimfuata, wakaketi. Komal akaagiza chai, akailipia, na kila mtu akajichukulia kikombe chake mwenyewe. Himmat alibaki amesimama. Akasafisha koo.

“Foramben,” alianza, yaani dada Foram, “tumefurahi sana. Kijana ni mzuri. Sasa sisi, kama wazazi...”

Darshan akatokea mlangoni akiwa na soksi. Alitembea juu ya changarawe kama mtu anayevuka mto, akaifikia meza, akasema kwa adabu, “Samahanini. Sijaviona viatu vyangu.”

Foram akaitazama miguu ya mwanawe. Kisha macho yake yakatembea chini ya meza, taratibu, yakakuta miguu ya Himmat, yakasimama hapo.

Katika harusi za kwao upo mchezo ambao hata mtoto anaujua. Bwana harusi akivua viatu kuingia kwenye ibada, upande wa bibi harusi huviiba, wakavificha, na hawavirudishi mpaka atoe ahadi. Ni mchezo wa dada na mabinamu. Baba wa bibi harusi hajawahi kuucheza tangu dunia iumbwe. Lakini upande unaoiba ni mmoja tu, na hauibi viatu vya mtu usiyemtaka.

Foram alianza kucheka kutoka tumboni. Vasanti alijifunika mdomo kwa upindo wa sari.

“Vevai!” alisema Foram. Ni jina ambalo Wagujarati humwekea mzazi wa mkwe wao, na hawalitoi kwa majaribio. “Kumbe mtu mwenyewe una haraka namna hii. Hata harusi hukungoja.”

“Ni giza,” alisema Himmat. “Nimekosea. Vinafanana.”

“Ndivyo wanavyosema wote.”

“Sikuviiba.”

“Mwizi gani aliwahi kusema ameiba?”

Hapo Himmat alikiona kina cha shimo. Katika mchezo ule mwizi hukana. Akikana sana, ndivyo anavyoucheza vizuri. Alikana mara mbili zaidi, na kila alipokana Foram alifuta machozi.

Severina alikuja mbio akiwa na jozi isiyo na mwenyewe: nyeusi, ya kamba, visigino vimelika upande mmoja kwa miaka ya kusimama nyuma ya kaunta.

“Hivi ni vya nani? Si vya kwaya wala vya wanafunzi.”

“Ameacha vyake,” alisema Foram kwa sauti ya mtu anayefunga ushahidi.

Bado palikuwa na njia. Angeweza kulisema neno lenyewe, hapana, wazi, bila pasi, mezani, mbele ya mwanamke anayecheka na kijana mwenye soksi zenye vumbi. Alikuwa tayari kulisema. Alimtazama Komal ili aone kama amejiandaa kusikia.

Komal alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Himmat alikumbuka mwanga wa simu. Aliinama kidogo upande wake.

“Uliona navaa?” alimuuliza kwa sauti ya chini.

“Niliona, papa.”

“Tangu lini?”

“Tangu mguu wa kwanza.”

“Na hukusema.”

“Nilikuwa nafunga sandali.”

“Ulimaliza kufunga.”

“Nilimaliza,” alisema Komal. Akainua macho, akamtazama usoni, bila haya na bila kutabasamu, jinsi yeye anavyotazama kitambaa. “Sikusema.”

Himmat aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi tangu Iringa bila kukipapasa kiti. Kwa muda alisikiliza kwaya ya Tukuyu ikitafuta raba zake kwa sauti nne.

“Vinabana,” alimwambia Darshan hatimaye.

“Hata mimi vinanibana, anko. Nilivinunua kwa ajili ya leo.”

“Ulijaribu kabla?”

“Nilijaribu asubuhi. Miguu huvimba jioni. Nilijaribu wakati mbaya.”

Himmat alitikisa kichwa, kwa huzuni ya mtu anayeona kosa ambalo asingelifanya, na akafungua kamba. Alivua vyote viwili, akaviweka mezani mbele yake, karibu na sukari, akavishikilia.

“Mchezo una sheria,” alisema. “Havirudi bila ahadi. Duka langu linafunguliwa saa mbili asubuhi. Hata akiolewa, Komal anakuwepo Jumatatu mpaka Alhamisi.”

“Rujewa ni mbali,” alisema Darshan. “Jumatatu na Jumanne.”

“Jumatano ni siku ya mzigo.”

“Mpaka Jumatano mchana, basi.”

“Mchana gari la mzigo linakuwa halijafika hata Mafinga.”

“Mnauza nini?” aliuliza Komal.

Wanaume wakamgeukia.

“Nauliza, kwa sababu sijasikia mtu akiniuliza mimi siku. Siku nitapanga mimi. Nikitaka Jumatano itakuwa Jumatano, nikitaka nitafungua duka la pili Rujewa, kule hakuna hata kitenge cha maana. Na huyu,” alisema akimwonyesha Darshan kwa kijiko, “tulikuwa tumeshabishana juu ya hilo kwenye maua, na nimeshinda. Mpe viatu, papa. Anakanyaga changarawe.”

Vasanti alimsogezea mumewe chai. Foram aliacha kucheka, akawa anafuta macho tu.

Himmat alichukua kiatu kimoja akampa kijana. Cha pili alikigeuza kwanza, akakipeleka kwenye jua, akaangalia soli.